Nani Analinda Jina la Mnyonge?

Oktoba 2021, vita vya Tigray vikiwa vimepamba moto, ukurasa mmoja wa Facebook wenye wafuasi wapatao 50,000 uliweka jina na picha ya Meareg Amare, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, kaskazini-magharibi mwa Ethiopia. Profesa huyo alikuwa Mtigray aliyeishi na kufundisha katika mkoa wa Waamhara. Machapisho yale yalimhusisha na uhalifu na wapiganaji wa Tigray, yakataja na mahali anapofanya kazi. Chini yake yakamiminika maoni, na miongoni mwa walioandika walikuwapo waliotaka auawe. Mwanawe, Abrham Meareg, aliyaona akaripoti kwa kampuni kupitia njia ileile ambayo kila mtumiaji huelekezwa kuitumia. Kimya. Akaripoti tena. Tarehe 3 Novemba watu wenye silaha walimfuata profesa kutoka chuoni hadi nyumbani kwake, wakampiga risasi nje ya nyumba. Jibu la Facebook, kwa mujibu wa hati ambazo Abrham aliziwasilisha baadaye katika Mahakama Kuu ya Nairobi, lilifika tarehe 11: chapisho mojawapo kati ya yale aliyoyalalamikia lilikuwa kweli limevunja kanuni, na sasa limeondolewa. Baba yake alikuwa na siku nane tangu auawe.

Miaka mitatu na ushee baadaye, Juni 2025, Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya, Eliud Lagat, naye alilalamika kuhusu machapisho, haya yakiwa kwenye mtandao wa X, kwamba yanamchafulia jina. Malalamiko yake hayakukaa foleni. Tarehe 7 mwezi huo polisi walimchukua Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, nyumbani kwa wazazi wake Homa Bay, wakamsafirisha kilomita karibu 350 mpaka kituo cha polisi cha Central jijini Nairobi. Kosa aliloshukiwa nalo lilikuwa kuchapisha habari za uongo. Hakuliona jua la asubuhi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani akiwa mahabusu; uchunguzi wa maiti ulioongozwa na mwanapatholojia wa serikali, Dakta Bernard Midia, ulikuta jeraha la kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Watu 6, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji na wakakana shtaka. Lagat mwenyewe hakuwa miongoni mwao. Alikaa kando kwa muda ili kupisha uchunguzi.

Nimeyaweka matukio haya mawili pamoja kwa makusudi. Kila tunapozungumzia maneno ya mitandaoni katika nchi zetu, mazungumzo huanzia kwenye adabu na kuishia hapohapo. Vijana hawana heshima. Mitandao imeleta matusi. Wazee wa zamani hawakusemana hivi. Viongozi wa dini wanalisema, mawaziri wanalisema, na wabunge wanalipitishia sheria. Katika kelele hizo swali moja halipati nafasi: jina la nani likichafuliwa ndipo mtu huamka kitandani na kuchukua hatua? Wa Homa Bay alifuatwa nyumbani kwao kwa sababu ya heshima ya mkubwa mmoja. Wa Bahir Dar, ambaye hakuwa na cheo chochote cha kumtisha mtu, alisubiriwa mpaka akafa. Mimi naamini kwamba tumeijenga hifadhi ya heshima juu chini. Tunawakinga wale ambao umma una haki ya kuwasema, na tunawaacha wazi wale ambao neno moja la uongo linaweza kuwatoa roho.

Tuanze na namna maneno yenyewe yanavyosafiri, maana hapo ndipo watu wengi hudhani mambo ni ya bahati. Si ya bahati. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itabadilisha namna inavyopanga machapisho, ili watu waone zaidi yale yanayowafanya wazungumze. Hati za ndani ya kampuni zilizovujishwa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha hesabu iliyokuwa nyuma ya tangazo hilo. Mtu akibonyeza kwamba amelipenda chapisho, chapisho linapata pointi 1. Akiweka alama ya hasira au ya kicheko, au akilisambaza bila kuongeza neno, pointi 5. Akiandika maoni yenye uzito, pointi 30. Kampuni imezigusagusa hesabu hizo mara kadhaa tangu wakati huo, lakini wazo lenyewe ndilo msingi wa biashara yote hii: penye maneno mengi ndipo pa kupeleka macho ya watu.

Fikiria maana yake kwa mtu aliyesingiziwa. Jirani anayeandika, “Huu ni uongo, namfahamu profesa huyu, ni mtu wa watu,” anaongeza uzito kwenye chapisho lilelile analolikanusha. Anayetukana anaongeza. Anayeuliza “Kwani kafanya nini?” anaongeza. Mashine haina masikio ya kutofautisha utetezi na laana. Inachokiona ni pilikapilika. Kwa hiyo mwenye jina anashindwa mara mbili. Akinyamaza, ukimya wake unachukuliwa kuwa ni kukiri. Akijibu, jibu lake linaisukuma tuhuma mbele ya watu wengine elfu ambao hawakuwa wameisikia.

Na sisi wasomaji tuna udhaifu wetu ambao hakuna kampuni iliyotufundisha. Tunayo methali tuipendayo mno: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Huandikwa kila siku chini ya tuhuma za kila namna, za mwalimu na mwanafunzi, za mchungaji na hela za kanisa, za msanii na mkewe. Anayeiandika hajaongeza ushahidi wowote. Amechukua wingi wa wasemaji akaufanya ndio shahidi. Katika kijiji ambamo watu ishirini wanaomjua mtu tangu utotoni wanakubaliana juu ya jambo, labda wingi huo una uzito. Lakini watu elfu kumi ambao hawajawahi kumuona mtu huyo, na ambao wote wameisoma tuhuma ileile kwenye ukurasa uleule, ni shahidi mmoja tu aliyerudiarudia. Juu ya profesa wa Bahir Dar lilisemwa, na halikuwapo. Likaja.

Nisieleweke kwamba natamani jamii isiyosemana. Sijaisikia jamii ya Waswahili ya namna hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 uchaguzi wa ubunge wa Lamu ulizua mashairi ya Kimwondo, yakatungwa, yakaghaniwa, yakarekodiwa kwenye kanda za kaseti na kupita kutoka nyumba hadi nyumba. Kabla ya hapo, karne moja na nusu nyuma, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walikuwa wakirushiana beti kwa ukali ambao leo ungemfikisha mtu mahakamani. Walichomana. Walidhalilishana. Pengine tumeyapamba mno malumbano yale kwa kuwa lugha yake ni tamu. Aliyepigwa na ubeti aliumia kama anavyoumia mtu wa leo. Lakini aliyesemwa alimjua aliyemsema, jibu lake lilipita njia zilezile zilizopitisha tuhuma, na waliosikia ubeti wa kwanza walikaa wakingoja wa pili. Hilo la mwisho ndilo limetoweka. Mtandaoni tuhuma hufika kwa laki moja, na kanusho hufika kwa mia tatu, kwa kuwa kanusho halimsisimui mtu.

Serikali zetu zimelijibuje tatizo hili? Kwa kujikinga zenyewe. Si jambo jipya. Novemba 1968 Abdilatif Abdalla alitoa kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi, na kwa swali hilo alifungwa miaka 3. Leo vijikaratasi vimekuwa machapisho, na sheria zimevalishwa nguo za kisasa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, inaweka kwa kosa la kuchapisha habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka uliofuata mahakama ya Arusha ilimpa mtu mmoja chaguo la kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3 kwa kumtukana Rais Magufuli kwenye Facebook. Nchini Uganda, Julai 2024, mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 miaka 6 kwa video ya TikTok iliyomtusi Rais Museveni na jamaa zake. Miaka 6! Kuna waliopora mali ya umma katika ukanda huu waliokaa ndani miezi michache wakatoka.

Kenya ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu mahakama zake zilikwishaona mbali. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kikitumiwa kuwakamata wanablogu. Februari 2017 ikafuta kosa la jinai la kashfa, ikisema kwamba aliyekashifiwa ana njia ya madai na hakuna haja dola imfunge mtu kwa ajili yake. Mwaka mmoja tu baadaye, Mei 2018, ikatiwa saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, ambayo kifungu chake cha 23 kilimtishia mchapishaji wa habari za uongo kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10. Kilichotolewa mlangoni kikarudishwa dirishani. Ni tuhuma ya aina hiyo, ya uchapishaji wa uongo, iliyomsafirisha Ojwang siku ile.

Wanaozitetea sheria hizi husema zinamlinda kila mwananchi. Basi nioneshwe mama lishe aliyesingiziwa mtandaoni kwamba chakula chake kina sumu, akaenda kituoni, na polisi wakasafiri kilomita 350 kumtafuta aliyeandika. Nioneshwe binti ambaye picha zake za faragha zilisambazwa na mchumba waliyeachana naye, na ndani ya siku chache mtu akawekwa ndani. Ninachokisikia kwa watu wa kawaida waliopita huko ni “leta ushahidi”, “leta bando la kufuatilia”, “rudi Jumatatu”. Njia ya madai nayo ipo, lakini ina bei yake: wakili, ada, miaka ya kuahirishwa. Haishangazi kwamba wanaoonekana sana katika kesi za kashfa ni mawaziri, majaji na wafanyabiashara wakubwa.

Maoni ya umma, kwa upande mwingine, yamefanya kazi ambayo hakuna taasisi yetu iliyoifanya vizuri hivyo. Juni 2024 vijana wa Kenya waliuchukua Muswada wa Fedha, maandishi makavu ambayo kwa kawaida husomwa na wahasibu na mawakili, wakausoma kifungu kwa kifungu. Wakautafsiri katika lugha za nyumbani. Wakaueleza kwa video za dakika moja na kwa mijadala ya sauti ya usiku kucha, mmoja akikosea mwenzake anamsahihisha palepale. Kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari ziliondolewa tarehe 18, kabla hata muswada haujapigiwa kura. Tarehe 25 wabunge wakaupitisha uliosalia, watu wakauawa kwa risasi barabarani, na kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini. Ndani ya wiki hizo wabunge walisemwa kwa majina, na kwa maneno makali ambayo mengine sikuyapenda. Lakini walikuwa wakisemwa juu ya kura waliyoipiga ukumbini, kwa kazi waliyoiomba wenyewe, na kila mmoja wao alikuwa na kipaza sauti, mwandishi wa habari na ukurasa wenye wafuasi wengi wa kujibia. Yule profesa hakuwa na kimojawapo.

Tofauti hiyo ndiyo ningependa sheria zetu ziijue. Mwenye madaraka asemwe. Akisingiziwa, ajibu hadharani, na ikimkera sana aende mahakama ya madai kwa gharama yake. Asipewe polisi wa umma kuwa watumishi wa hasira zake. Asiye na madaraka, aliyetajwa jina na kuwekwa picha na kutuhumiwa mbele ya umati, apewe njia ya haraka, ya bure na inayofanya kazi.

Wengine wanasema dawa ni kumlazimisha kila mtu atumie jina lake halisi. Sikubaliani nao. Muuguzi anayefichua wizi wa dawa katika hospitali ya wilaya hawezi kuandika kwa jina lake na kesho arudi kazini. Na wanaotukana kwa majina yao kamili, na picha za harusi zao zikiwa pembeni, tunawaona kila siku. Wengine wanasema tuuache uongo uanguke wenyewe, ukweli utashinda. Huenda utashinda. Abrham hana baba wa kumpelekea habari hizo.

Njia hiyo ya haraka si lazima ibuniwe upya, angalau kwa Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Imeandikwa wazi, bila kutaja cheo. Kifungu cha 33 kinachotoa uhuru wa kujieleza nacho kinamtaka mwenye uhuru huo aheshimu haki na jina la wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iliongeza ofisi ya kamishna wa kupokea malalamiko, na Tanzania ikapata sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Kinachokosekana ni saa. Hakuna anayeibana kampuni ya mtandao kwa kusema: mtu amelalamika kwamba ametajwa na kutishiwa kuuawa, una saa 24 kulitazama chapisho hilo kwa macho ya binadamu anayeijua lugha iliyotumika, na ukishindwa utalipa. Bunge lililopata muda wa kuandika kifungo cha miaka 10 kwa mchapishaji lingeweza kupata muda wa kuandika hilo.

Macho ya binadamu hayo yalikuwa Nairobi. Hili watu wengi hawalijui. Kuanzia 2019 kampuni iitwayo Sama iliajiri vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Uganda, Somalia na kwingineko kukaa katika jengo moja la jiji hilo wakiyapitia machapisho ya Facebook yaliyolalamikiwa kutoka sehemu kubwa ya Afrika. Februari 2022 jarida la TIME lilieleza kwamba baadhi yao walikuwa wakilipwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa, wakitazama watu wakichinjwa na watoto wakinajisiwa, kisha wakiamua kwa sekunde chache kipi kibaki na kipi kitoke. Mwaka 2023 Sama iliachana na kazi hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 180 wakaenda mahakamani. Watu waliokuwa wamesimama kati ya jina la mtu na umati walikuwa vijana wetu, wachache, wamechoka, na wengi wao wakihitaji tabibu wa akili.

Abrham Meareg alifungua kesi yake Nairobi Desemba 2022, pamoja na mtafiti wa haki za binadamu Fisseha Tekle na Taasisi ya Katiba. Meta, mmiliki wa Facebook, ilisema mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake, kama ilivyosema katika kesi za wafanyakazi. Rufaa ya Meta dhidi ya wafanyakazi iliamuliwa Septemba 2024: inaweza kushtakiwa. Katika kesi ya Abrham, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi wa namna hiyohiyo Aprili 2025. Miezi michache kabla ya hapo Meta ilikuwa imetangaza kwamba nchini Marekani inaachana na wahakiki wa habari wa nje na kuwaachia watumiaji wenyewe kazi ya kuandika masahihisho. Umati uwe hakimu wa umati.

Wanachokidai Abrham na wenzake ni kuombwa radhi, mfuko wa kuwafidia walioumizwa, na wapitiaji wa kutosha wanaozijua lugha za watu. Hati zao zinasema kwamba Ethiopia, nchi ya watu milioni 117, ilitengewa wapitiaji 25, wanaoelewa lugha 3 kati ya 85 zinazozungumzwa huko. Nimejaribu kuifikiria hesabu hiyo kwa upande wetu. Kiswahili cha Zanzibar na cha Lubumbashi havifanani. Sheng hubadilika kila muhula wa shule. Tusi la Kisukuma au la Kiluo lililofichwa katikati ya sentensi ya Kiswahili halionekani kwa mtu wa nje, wala kwa mashine. Wakenya wanapiga kura Agosti 2027, na majina ya walimu, madiwani wadogo na makarani wa vituo vya kura yataanza kuwekwa hadharani muda mrefu kabla ya siku hiyo. Kampuni hizi zitangaze sasa, kwa takwimu, zina watu wangapi wanaosoma lugha zetu, na lalamiko la mtu asiye na cheo linachukua saa ngapi kufika mbele ya mmoja wao. Tume ya uchaguzi, mamlaka ya mawasiliano na wabunge wana uwezo wa kuidai takwimu hiyo kwa barua, na muda wa kuidai bado upo.